Keti Uwangoje: Mwongozo wa Ndege wa Bahari wa Ras Kigomasha

Mara ya kwanza nilipokwenda Ras Kigomasha nilifika saa 6 mchana, jua la utosi, maji yametoka na miamba imekauka kama mifupa. Nilikaa saa nzima nikaona mbuzi watatu na mzee mmoja akishona jarife lake. Ndiye aliyenieleza, kwa upole wote, kwamba ndege nilikuwa nimewakosa kwa saa nne, na kosa halikuwa la ndege. Tangu siku ile sijarudi rasini bila kwanza kuhesabu mwezi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida: mwalimu aliye likizo, mwanafunzi, baba anayetaka kuwatoa watoto mjini siku mbili, au Mpemba aliyezaliwa Wete na kukaa Dar miaka yote bila kufika ncha ya kisiwa chake. Huhitaji kuwa mtaalamu wa ndege. Unahitaji kujua maji, upepo na jua, kisha kukaa kitako.

Kwa nini ndege wa bahari kuu hupita hapa

Kigomasha ni ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba, kupita Konde, msitu wa Ngezi na kijiji cha Makangale. Upande mmoja una mchanga wa Verani unaotazama magharibi, upande wa pili una Vumawimbi, pwani ambayo jina lake linajieleza. Katikati, ardhi inazidi kuwa nyembamba hadi kwenye mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa mwaka 1900.

Siri ya mahali hapa iko chini ya maji. Unguja imekaa juu ya sakafu moja na bara. Ukivuka kutoka Bagamoyo unapita bahari yenye kina cha makumi machache tu ya mita. Pemba sivyo. Kati yake na Tanga pana mfereji wenye kina cha mamia ya mita, na kina hicho kinaanza karibu kabisa na ufuo. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, ukiwa na nguvu zaidi wakati wa kusi, na unapofika nchani hujipinda na kuchafuka. Dagaa na vibua hukusanyika penye vurugu hiyo. Jodari na kolekole huwafuata kutoka chini, ndege huwafuata kutoka juu.

Ndiyo maana mtu aliyesimama kwenye mwamba, bila chombo wala mafuta ya mashine, anaweza kuona yale ambayo kwingine angeyafuata kwa boti nusu siku.

Hesabu maji kabla ya kuhesabu nauli

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Maji yakitoka kabisa, ndege wa ufuoni hutawanyika kwenye miamba ya mbali kutafuta kaa na minyoo. Utawaona kama vinukta tu. Maji yakipanda, wanasukumwa kidogo kidogo kuelekea kwako mpaka wanakusanyika kwenye mchanga na mawe yaliyobaki makavu. Nao buabua, wale ndege weupe wenye mkia wa panda, hupenda saa ambazo maji yanatembea kwa nguvu, kwa sababu samaki wadogo husogezwa juu. Unatafuta basi saa tatu za mwisho za maji kujaa.

Lakini kuna jua pia. Verani inatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na kila unyoya unaonekana. Jioni jua liko machoni na ndege wote wanageuka vivuli vyeusi. Unachotaka ni siku ambayo maji yanajaa asubuhi. Bahati njema, mwezi unakuambia siku hiyo wiki kadhaa kabla. Tazama kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani.

> KISANDUKU: MWEZI MWANDAMO NA MAJI (makadirio)
>
> Mwezi 1 na 15: karibu na bamvua. Maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hutoka kabisa kama saa 4 asubuhi. Bamvua lenyewe hukolea siku moja au mbili baadaye.
>
> Mwezi 5 na 20: maji hujaa kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi.
>
> Mwezi 7 na 22: maji hujaa kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi.
>
> Mwezi 8, 9, 23 na 24: maji mafu. Hujaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, lakini hayapandi sana.
>
> Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Haya ni makadirio ya kupangia safari, si ya kuogelea wala kuendeshea chombo. Kwa hayo muulize mvuvi au tumia jedwali la bandari.

Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kutoka huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu hubaki kama mita 1 tu. Ndiyo maana sikuambii uende mwezi 8 ingawa saa yake ni nzuri: maji hayafiki juu vya kutosha kuwasogeza ndege. Mimi huchagua mwezi 5 hadi 7, au 20 hadi 22. Ukilazimika kwenda siku za bamvua, nenda jioni upande wa Vumawimbi, ambako jua la magharibi litakuwa mgongoni.

Msimu upi

Oktoba hadi Machi ndiyo miezi ya neema. Wageni wa kaskazini wamewasili: sululu na midomo yao iliyopinda, chamchanga wanaotikisa mkia, na buabua kwa makundi. Buabua mwenye mdomo wa rangi ya chungwa huzaliana kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba, kisha hushuka kwetu. Ukimwona amekaa juu ya mlingoti wa ngalawa mwezi Januari, jua kwamba kafika kwa msimu uleule wa kaskazi uliokuwa ukileta majahazi ya Maskati.

Aprili na Mei ni masika. Njia ya Ngezi huwa tope na darubini huwa ukungu. Juni hadi Septemba ni kusi. Ndege ni wachache, lakini ncha ya kaskazini-magharibi imekingwa kidogo na kisiwa chenyewe, na siku moja mbili baada ya upepo mkali ndiyo nafasi yako ya kumwona mgeni wa bahari kuu aliyesukumwa karibu na nchi.

Kufika

1. Fika Pemba kwa meli ya Mkoani au kwa ndege ya Chake Chake. Lala Wete au Konde, si Chake, la sivyo alfajiri itakupita njiani.
2. Panda daladala hadi Konde jioni ya kuamkia siku yako.
3. Patana na bodaboda au mwenye gari usiku huohuo. Taja saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na kwamba atakusubiri. Kukodi baiskeli pia ni jambo zuri kwa mwenye miguu.
4. Njia inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Ukitaka kuingia msituni kwa miguu, lipa kiingilio getini na uchukue mwenyeji wa kukuongoza. Fanya hivyo wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda. (Bundi wa Pemba, asiyepatikana kokote duniani ila kisiwani humo, yumo msitu huu, lakini ni wa usiku, mpangie safari yake peke yake.)
5. Ukifika mnarani, salimu kwanza. Muombe ruhusa mtunza mnara kabla ya kupanda au kupiga picha, na uliza kiasi cha malipo kabla ya kukanyaga ngazi.

Pemba ni kisiwa cha watu wa staha. Vaa nguo za heshima, wake kwa waume. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu mchana. Na shikamoo haijawahi kumgharimu mtu kitu.

Cha kubeba

☐ Darubini. Ya 8×42 inatosha na inazidi. Usidanganyike na ile ya kukuza mara 12 au zaidi. Kwenye upepo wa rasini mkono hutetemeka na picha yote hucheza.
☐ Viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Si ndara.
☐ Maji lita 2 kwa mtu mmoja. Usitegemee duka nchani.
☐ Kofia, kanga au kitambaa cha kufunika shingo.
☐ Daftari na penseli. Kalamu ya wino huchuruzika ikilowa.
☐ Mfuko wa plastiki mgumu wa simu. Chumvi ya hewani huua simu polepole.
☐ Muhogo wa kuchemsha, tende, chochote kisichotoa makombo mengi.

Ukishafika: hatua kwa hatua

1. Chagua mahali, kisha ubaki hapo. Keti hatua tano au zaidi nyuma ya ukingo, mgongo kwenye jua, na mwili wako usichomoze juu ya mstari wa mwamba. Ndege huogopa umbo lililosimama dhidi ya anga kuliko umbo lililoketi.

2. Dakika kumi za kwanza usishike darubini. Tazama kwa macho matupu. Tafuta mahali maji yamebadilika rangi, kutoka kijani kwenda buluu iliyokoza. Huo ndio mpaka wa kina, na ndege wengi hupita juu ya mstari huo.

3. Soma ndege kama wavuvi wanavyowasoma. Wakizunguka juu sana, wanatafuta, samaki wako chini. Wakishuka na kuanza kujitupa majini mmoja baada ya mwingine, dagaa wamepandishwa juu na jodari. Wakitua majini wote na kutulia, karamu imekwisha. Ukiona ngalawa inageuza tanga ghafla, fuata inakoelekea kwa darubini. Nahodha kaona kabla yako.

4. Piga mistari. Weka darubini kushoto kwenye upeo wa bahari, sogeza taratibu hadi kulia, shuka kidogo, rudi kushoto. Macho yanayorukaruka hayaoni kitu.

5. Hesabu kwa kumi. Hesabu ndege kumi, angalia nafasi waliyochukua, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Andika saa, maji (yanajaa au yanatoka), upepo, na idadi. Aliye na simu anaweza kuweka hesabu yake kwenye programu ya eBird, ambayo ni ya bure. Taarifa za ncha hii si nyingi, kwa hiyo hata orodha ya mwanafunzi ina faida.

6. Panda mnara mwishoni. Watu wengi hupanda kwanza, wakaridhika, wakaondoka. Juu kule mandhari ni ya ajabu: msitu nyuma, mchanga pande mbili, bahari ikibadilika rangi kama khanga iliyolowa. Lakini ndege utawaona kutoka juu ya migongo yao, na kuwatambua hivyo ni kazi.

Kuwatambua

Kwa wengi wetu kila ndege mweupe wa baharini ni shakwe. Hapo ndipo pa kuanza kurekebisha.

*Shakwe* ana mwili mnene, mabawa mapana, mkia usio na panda. Huogelea juu ya maji na hula hata mizoga. *Buabua* ni mwembamba, mabawa yamechongoka, mkia una panda. Hujitupa majini kichwa chini na kuibuka na samaki mmoja. Ukingoni mwa Kigomasha, weupe wengi utakaowaona ni buabua.

Kati yao kuna wawili wenye kishungi cheusi wanaosumbua watu. Tazama mdomo: wa rangi ya chungwa ni yule mdogo, mgeni wa Ghuba niliyemtaja. Wa manjano iliyoingia kijani ni yule mkubwa, na mgongo wake ni kijivu kilichokoza zaidi. Wakikaa pamoja kwenye fungu la mchanga, tofauti ya ukubwa inatosha.

*Yangeyange wa pwani* hukuchezea akili. Mmoja ni mweupe pepe, jirani yake ni wa kijivu cheusi kama moshi, nao ni ndege wa aina moja. Angalia nyayo: wote wawili wana miguu myeusi na vidole vya manjano.

*Mla kaa* ni wangu wa moyoni. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama koleo la fundi. Wengine wa ufuoni hutaga juu ya ardhi. Huyu huchimba shimo refu mchangani, huko pwani za Oman na Ghuba, na kutaga ndani yai moja jeupe. Joto la mchanga humsaidia kulea. Huja kwetu baada ya msimu wa kuzaliana, mara nyingi kinda akiwa bado anamfuata mzazi akidai chakula.

Ukimwona ndege mkubwa mweusi, mabawa marefu yaliyovunjika kama upinde, mkia wa panda ndefu, anaelea bila kupiga bawa, ita wenzako. Ndege huyo wa bahari kuu hatui majini kwa sababu manyoya yake hulowa. Hunyakua juu ya maji au humpora buabua angani. Na akipita ndege mweupe mkubwa mwenye kingo nyeusi za mabawa, anayejitupa kama mkuki, huenda katokea Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kisicho na mti kusini mwa Unguja, ambako ndege wa aina hiyo huzaliana pamoja na buabua. Kwa Kigomasha ni bahati, usimhesabie.

Waulize wavuvi majina yao ya ndege hawa na uyaandike. Kipemba kina maneno ambayo kamusi haina, na ndege mmoja anaweza kuwa na jina lingine ukivuka tu kijiji.

> TAHADHARI
>
> Ukingo. Mwamba wa Kigomasha ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Mawimbi yameula kutokea chini, juu pamebaki pametokeza kama ukingo wa mwavuli. Unaposimama nchani kabisa, chini yako huenda hakuna kitu. Watoto washikwe mkono.
>
> Vihori vya chini. Usishuke kwenye vijifuko vya mchanga chini ya mwamba maji yakiwa yanajaa. Hufunga njia ya kurudi kabla hujagutuka.
>
> Jiwe lenyewe. Lina makali ya wembe. Ukianguka, usijishike kwa kiganja kitupu.
>
> Miamba ya maji madogo. Kuna viumbe wa miiba katika kila upenyo, na samaki-jiwe hafanani na samaki. Tazama unapokanyaga.

Makosa ninayoyaona kila mara

La kwanza ni kuwakimbiza ndege ili waruke na picha ipendeze. Ndege aliyetoka mbali na kutua amechoka. Kila anaporushwa anachoma mafuta aliyoyahitaji kwa safari ya kurudi. Ukisogea akainua shingo na kuacha kula, umeshafika mbali ya kutosha. Simama. Akianza kutembea, rudi nyuma. Droni usiirushe kabisa juu ya ndege waliopumzika.

La pili ni mayai. Buabua hatengenezi kiota cha maana. Hutaga juu ya mchanga au jiwe, yai likiwa na rangi ya mahali. Ukivamia kisiwa cha kuzaliana, wazazi huruka, jua hulipika yai, kunguru humaliza. Ndege wakianza kukushambulia kichwani huku wakipiga kelele, wewe ndiye umeingia nyumbani kwao. Geuka, urudi kwa njia uliyojia, ukiangalia kila hatua. Wasomaji wa Kenya walijue hili zaidi kwa Kisiwa cha Nyangumi pale Watamu, ambako buabua huzaliana kati ya Juni na Oktoba, na kwa visiwa vya Kiunga: miezi hiyo waangalie kutoka kwenye boti, usishuke. Na kuokota mayai "kidogo tu ya kuonja" si kidogo, maana jozi nyingi hutaga yai moja au mawili kwa msimu.

La tatu, dogo lakini la kuudhi: kumpiga picha mwanamke anayekusanya pweza au chaza bila kumuuliza. Yuko kazini.

La nne ni kuondoka mapema. Maji yakishajaa, yanasimama kidogo kabla ya kuanza kutoka. Ndege wote wamesongamana, hawana pa kwenda, wengi wamesimama mguu mmoja wamefumba macho. Hapo ndipo utakapowaona kwa karibu kuliko saa yoyote, na hapo ndipo dereva wa bodaboda huanza kupiga honi. Kwa hiyo unapopatana naye usiku ule Konde, ongeza saa moja juu ya ile unayodhani utaihitaji, na umlipe nusu tu kwanza.